Gari Limekaa Uani Miaka? Anza na Breki, Rangi Itangoja

Ukipita vichochoro vya Ziwa la Ng'ombe hukosi kuona gari limepandishwa juu ya mawe, kuku wamelala chini yake. Mwenyewe atakwambia, "Nikipata pesa nitalitengeneza." Pesa zikija, zinaishia kwa rangi na redio, na gari linabaki pale pale. Kama bajeti yako ni ndogo, fuata mpangilio huu.

1. Hakikisha ni lako kwa karatasi

Kabla hujatoa shilingi, ingia eCitizen, upande wa NTSA, uombe rekodi ya gari. Ada unalipa kwa simu. Ikiwa bado liko kwa jina la marehemu au la aliyekuuzia kitambo, maliza hilo kwanza.

2. Lisimame kabla ya kwenda

Mwite fundi nyumbani. Usiliendeshe hadi gereji. Oili ya breki hunyonya unyevu, na hewa yetu ya Pwani haikosi unyevu, kwa hivyo breki hushika kutu ndani kwa ndani. Mwageni ya zamani, mtie mpya. Kisha kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie. Ikizidi kuzama, usitoke uani: breki zina hitilafu.

Tairi zisikudanganye kwa meno mazuri. Tafuta ubavuni tarakimu nne za tarehe: 1417 ni wiki ya 14 ya mwaka 2017. Mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Chini ya gari, gonga chuma kwa bisibisi. Panapotoboka panataka kuchomelewa.

Sasa ndio mje kwa injini: petroli ya zamani itoke, oili ibadilishwe, mkague mipira ya maji, betri, na nyaya zilizotafunwa na panya.

3. Gawa pesa mapema

Tuseme una KSh 40,000. Weka 10,000 kando, maana gari kuukuu halikosi jambo la ghafla. Kama pesa hazijatosha, jiwekee kidogo kidogo kwenye akiba ya kufunga ya M-Shwari mpaka zifike. Bandu bandu huisha gogo. Usitengeneze kwa Fuliza: ada yake huhesabiwa kila siku, na gari lililo juu ya mawe halikuletei hata senti.

4. Lipa kwa hatua

Spea lipia wewe mwenyewe dukani kwa Till. Fundi mlipe ufundi wake, tena kwa makubaliano: breki zikishika, sehemu, injini ikitulia, sehemu, mkishalijaribu, salio. Ukimpa zote mwanzo, utabaki kumpigia simu.

Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Ukimtumia mtu asiye, sambaza ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja. Na usifute SMS za malipo. Spea ikiwa mbovu, utaonyesha ulimlipa nani, siku gani, shilingi ngapi.

5. Bima kabla ya lami

Sheria ya Kenya hairuhusu gari barabarani bila bima, angalau ya thadi pati. Lipia kabla ya kutoka, sio baada ya kusimamishwa.

Rangi? Hiyo ingoje. Watoto wanaovuka barabara hawataokolewa na gari linalong'aa. Wataokolewa na gari linaloshika breki.