Kutengeneza Kiwanja Kabla ya Kujenga Nyumba

Mkulima wa Mweiga, pengine umekwisha weka fedha za kujenga nyumba ya mawe katika shamba lako. Kabla hujanunua simiti, iko kazi ya jembe na sururu. Kazi hiyo ikifanywa vibaya ukuta utapasuka, hata fundi akiwa hodari namna gani.

Kwanza ondoa udongo wa juu wenye majani na mizizi, kina cha inchi 6 mpaka 9, uuweke kando kwa bustani ya mboga. Usiutumie kujazia kiwanja, kwa maana mizizi huoza na ardhi ikashuka.

Halafu pima mteremko. Piga vigingi katika pembe nne, kisha chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Maji husimama sawasawa katika ncha zote mbili. Hebu tufanye hesabu. Nyumba ina urefu wa futi 30 na upana wa futi 20, na ardhi inashuka futi 1 kwa kila futi 10. Basi upande wa juu umezidi wa chini kwa futi 2. Ukikata kiwanja chote mpaka usawa wa chini, utaondoa futi za ujazo 600, yaani si chini ya toroli 300. Lakini ukikata nusu ya juu tu na kumwaga udongo katika nusu ya chini, utachimba futi 150 peke yake. Ni robo ya kazi, na ndiyo sababu watu wengi huchagua njia hii.

Njia hii si mbaya, lakini ina hatari yake. Nusu ya nyumba imekaa juu ya ardhi ngumu, na nusu juu ya kifusi. Mvua ya Machi ikinyesha, kifusi hushuka na ukuta hupasuka katikati. Kwa hiyo upande wa chini mtaro wa msingi lazima upite kifusi chote na kuingia katika ardhi ngumu isiyowahi kuchimbwa. Kifusi kibebe sakafu tu. Tena kimwagwe inchi 6 kwa mara moja, kinyunyiziwe maji kidogo (kisiwe matope), kishindiliwe kwa gogo zito, ndipo umwage tabaka jingine.

Ukikuta udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua, jihadhari sana. Udongo huo huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, ukainua na kushusha nyumba kila mwaka. Uchimbe wote mpaka ardhi ngumu, ujaze maramu na kuishindilia. Kama ni wa kina kirefu, hamisha kiwanja. Kuhamisha vigingi hakugharimu kitu.

Mwisho, chimba mfereji juu ya nyumba, hatua kama nne kutoka ukutani, wenye kuinama kidogo tu. Maji yake yatokee penye nyasi ndani ya shamba lako, si kwa jirani wa chini.