Mtoto Aliyekulia Kwetu: Je, Arudishwe "Kwao"? Funzo la Likasi



Katika nchi nyingi watu hubishana juu ya swali hili: mtoto aliyeingizwa nchini na wazazi wake bila karatasi, akasoma na kukulia humo, afukuzwe au aachwe? Nchini Marekani, mabishano hayo yalizaa mpango wa mwaka 2012 uliowapa vijana wa namna hiyo kinga ya muda na kibali cha kazi, lakini si uraia. Sisi tunaofanya kazi ya amani katika Haut-Katanga hatulitazami swali hili kwa mbali. Mji wa Likasi umekwisha kuona maana ya kumrudisha mtu "kwao" mahali asipopajua.

Walifikaje Likasi?

Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi ya kuchimba na kuyeyusha shaba. Ilitafuta wafanyakazi mbali, na Kasai ikawa moja ya sehemu hizo. Mwaka 1928 reli kutoka Katanga ilifika Ilebo, na safari ikawa rahisi. Wafanyakazi waliruhusiwa kuja na wake na watoto wao. Watoto hao walikulia katika kambi za kampuni, wakazungumza Kiswahili na majirani, wakazaa watoto wao hapohapo.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walilishika jembe kwa vizazi vitatu, lakini bado waliitwa wageni.

Nini kilitokea mwaka 1992?

Lazima tuseme wazi: Wakasai walikuwa raia wa Zaire sawa na majirani zao. Hawakuvuka mpaka wa nchi. Lakini hoja iliyotumika dhidi yao ni ileile: asili yako si hapa, basi ondoka.

Malalamiko yalikuwepo. Wenyeji wengi waliona kwamba tangu wakati wa Wabelgiji nafasi nzuri kazini na kwenye reli zilikwenda kwa Wakasai. Jambo hilo lilistahili kuzungumzwa. Badala yake, wanasiasa walilichochea. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Gavana wa jimbo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na chama chake cha UFERI walikuwa wakihubiri Katanga ya Wakatanga. Wakasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Mtu akishaitwa mdudu, kumdhuru huonekana jambo dogo.

Likasi iliumia sana. Nyumba ziliporwa na kuchomwa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia stesheni ya treni na mashuleni, wakangoja kwa majuma na miezi, wengine wakifa kwa maradhi na njaa. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Mamia ya maelfu walifikishwa Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi na kwingineko Kasai. Kwa watoto wengi hiyo haikuwa safari ya kurudi, kwa sababu hawakuwahi kutoka huko.

Je, waliobaki walipata faida?

Kazi walizoahidiwa hazikudumu. Gécamines, iliyokuwa imekwisha kudhoofika, ilipoteza mafundi, na shule zikapoteza walimu. Kisha mwaka 2003 kampuni hiyo ikaachisha kazi watu zaidi ya 10,000, bila kujali nani alizaliwa wapi.

Sheria inasema nini?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 30, inasema kwamba hakuna Mkongomani anayeweza kufukuzwa nchini wala kulazimishwa kuishi nje ya makao yake ya kawaida. Na kwa mtoto wa wazazi wageni aliyezaliwa Kongo, sheria ya uraia ya mwaka 2004 inampa njia: akitimiza miaka 18, na makao yake ya kudumu yakiwa hapa, anaweza kuomba uraia kwa maandishi. Lakini aliyezaliwa nje na kuletwa akiwa mchanga hahusiki na njia hiyo.

Tunasema nini?

Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini mtoto hakuchagua safari. Kumwadhibu kwa uamuzi wa wazazi wake si haki, na kumpeleka mahali asipojua lugha wala njia ni kumfanya mgeni mara ya pili.

Neno hili ni la leo pia. Katika miaka ya karibuni vijana wengi kutoka Kasai wamekuja tena kutafuta maisha katika miji ya Katanga, wengi kwa kuendesha pikipiki, na maneno ya kale yamesikika tena. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu:

- Mkatae matusi ya kabila mapema, kabla ya mawe kuokotwa.
- Mzungumzie ugomvi wa kazi na ardhi kama ugomvi wa kazi na ardhi, si wa damu.
- Mwandikishe kila mtoto anapozaliwa, ili asikose karatasi akiwa mtu mzima.
- Mwaelezee vijana yaliyotokea stesheni ya Likasi.

Waliolala pale stesheni mwaka 1992 walikuwa na mji wao. Ulikuwa Likasi.