Hodi ya Programu Katika Simu ya Mkononi

Muuza ndengu wa mjini Kitui, au wa maembe kule Wote, Makueni, anapopakua programu mpya katika simu yake, aghalabu hukutana na kisanduku chenye swali fupi na majibu mawili: Ruhusu, Kataa. Ana haraka, hivyo kidole hugusa Ruhusu. Ni nini hasa kilichoruhusiwa?

Katika mfumo endeshi wa Android, kila programu huishi peke yake. Hupewa namba yake ya utambulisho na ghala lake la data, wala haiwezi kufungua ghala la jirani. Kamera, kipaza sauti, orodha ya majina na kitambua mahali vimo mikononi mwa mfumo. Programu ikivihitaji, sharti ibishe hodi. Kwanza hutangaza mahitaji yake katika faili inayoandamana nayo, kisha mfumo humuuliza mwenye simu. Akikubali, mfumo ndio unaochota majina na kuikabidhi programu. Kabla ya toleo la 6.0 la mwaka 2015, ruhusa zote zilitolewa kwa mkupuo programu ilipowekwa. Asiyeridhika na moja aliikosa programu nzima.

M-PESA ya mwaka 2007 ilikuwa na kiasi zaidi. Ilikaa ndani ya kadi ya simu, hata kabambe iliweza kuiendesha, na iliomba machache: kuonyesha menyu, kupokea tarakimu, kutuma ujumbe.

Neno “Ruhusu” lenyewe lina upungufu. Anayeruhusu majina yasomwe haambiwi na neno hilo yatapelekwa wapi. Baadhi ya wakopeshaji wa kidijitali nchini Kenya waliyatumia kuwapigia simu jamaa na marafiki wa wadaiwa ili kuwaaibisha. Shemeji ambaye hakukopa wala kuulizwa chochote akajikuta anadaiwa maelezo, na ruhusa ilikwisha kutolewa na mwingine kwa niaba yake. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilikataza mtindo huo. Google nayo, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, ikazizuia programu za mikopo katika duka lake kusoma orodha ya majina.

Mwenye simu anaweza kubatilisha ruhusa wakati wowote katika mipangilio. Hatua hiyo huufunga mlango kwa siku zijazo tu. Majina yaliyokwisha kunakiliwa hayarudi.