Neno SIMANZI

Watoto, maneno ni kama mizigo: mengine mepesi, mengine mazito. Leo tutapima neno moja zito, nalo ni simanzi. Hulisikii sana sokoni Luvungi. Utalikuta zaidi katika vitabu, mashairi na magazeti.

Simanzi ni huzuni kubwa mno inayokaa moyoni. Tuilinganishe na maneno mengine.

Mtoto amepoteza kalamu yake njiani. Anasikitika. Akipata nyingine, sikitiko limekwisha.

Rafiki yake amehamia Bukavu pamoja na wazazi. Sasa anahuzunika. Huzuni hiyo itakaa siku nyingi, lakini huenda wataonana tena.

Mama amefiwa na mwanawe. Majirani wamemzunguka, lakini haoni njaa wala hasikii anayoambiwa. Hapo sikitiko ni neno dogo, na neno huzuni nalo halitoshi. Tunasema: Mama ameingiwa na simanzi.

Sasa sikilizeni habari ya kweli. Ukitoka Luvungi kwenda Uvira, katika uwanda wa Ruzizi, utapita Sange. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori kubwa la petroli lilipinduka hapo. Petroli ikamwagika. Watu wengine walikaribia kutazama, wengine kuichota. Wengine walikuwa ndani, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Mara moto ukawaka. Watu zaidi ya 200 walikufa, na watoto wengi walikuwa miongoni mwao. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja. Serikali ikatangaza siku mbili za maombolezo katika nchi nzima.

Je, tuandike, "Watu wa Sange walisikitika"? Hapana. Tuandike, "Simanzi ilitanda Sange." Kutanda ni kuenea mahali pote, kama wingu linavyofunika anga.

Angalieni pia namna ya kulitumia neno hili. Sikitiko lina kitendo chake: kusikitika. Huzuni nayo ina kitendo: kuhuzunika. Simanzi haina. Kwa hiyo tunasema kuingiwa na simanzi, kujaa simanzi, au simanzi imetanda.

Usiseme, "Nimejaa simanzi kwa kuwa sombe imeungua." Wenzako watacheka. Tena, ukilitumia neno zito kila siku kwa mambo madogo, litakuwa jepesi, na siku ya msiba hutakuwa na neno la kusema.

Na ukimkuta mtu mwenye simanzi, usimwambie, "Nyamaza, yatakwisha." Kaa karibu naye. Mchotee maji, mfagilie ua. Hivyo atajua kwamba umeuona uzito wa mzigo wake.

Zoezi
1. Chagua neno lifaalo: Baba (alisikitika, aliingiwa na simanzi) kwa kuwa mpini wa jembe umevunjika.
2. Kwa nini neno sikitiko halikutosha kwa habari ya Sange?
3. Tunga sentensi mbili zenye neno simanzi.