Je, Wajua Kazi Kubwa ya Shokapu Huanza Springi Inaporudi?

Toyota Altezza ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1998, na uundaji wake ukakoma mwaka 2005. Kila Altezza unayopishana nayo Dar es Salaam au Nairobi sasa ni gari la makamo. Kwa Kenya, ambayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, zilizopo ndizo hizo hizo, nyingine haziji. Ndiyo maana inaniuma kuiona moja imeshushwa kwa springi zilizokatwa na grainda, inarukaruka kila penye kiraka cha lami, matairi yamelika upande wa ndani, na mwenyewe anaamini ule ugumu ndio uspoti wenyewe.

Kushusha gari si kosa. Altezza ikishuka sentimita 2 au 3 inapendeza, kitovu chake cha uzito kinakuwa chini, na kwenye kona hailali sana. Kosa ni kutangulia kuamua urefu, kisha kutafuta chochote kitakachouleta. Anza na springi na shokapu zinazoelewana, urefu utafuata.

Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi uzito wa maana. Kazi yake ni kuukinza mwendo. Ndani yake pistoni inasukumana na oili, oili inabanwa kupita kwenye vitundu na visahani vyembamba vya chuma, na nguvu ya mwendo inageuka joto. Ukitoka kwenye barabara mbovu, pitisha mkono karibu na shokapu zote nne: ile iliyobaki baridi wakati wenzake wana moto, imekufa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Tairi likipanda tuta, springi inabonyea na kuweka nguvu. Nguvu hiyo haijaenda popote. Tuta likishapita, springi inataka kuirudisha yote kwa mkupuo, na isipodhibitiwa itaurusha mwili wa gari juu, uanguke, urushwe tena. Shokapu ya gari la kawaida hukinza zaidi wakati huo wa kurudi kuliko wakati wa kubonyea, mara nyingi kwa mara 2 au 3. Koni, kampuni ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1857 kwa kutengeneza vifaa vya farasi na magari yake ya kukokotwa, imejipatia jina kwa shokapu ambazo kirekebishi chake kinagusa upande mmoja tu: kurudi. Zile za zamani hazina hata cha kushika kwa nje. Unaifungua shokapu kwenye gari, unaisukuma fimbo yake hadi mwisho ishikane na meno yaliyo chini, ndipo unaizungusha. Ni kazi ya kuchafuka, lakini fikra yake ni nzuri mno. Ukifunga springi ngumu zaidi, kubonyea kumeshadhibitiwa na springi yenyewe. Kilichopungua ni breki ya kuizuia isirudi kwa fujo.

Na springi haihitaji badiliko kubwa ili iwe ngumu. Ugumu wake unafuata unene wa waya kwa kipeo cha 4. Waya wa milimita 12 ukiwa wa 13, vipimo vingine vikibaki vilevile, ugumu unapanda kwa takriban asilimia 38. Ukinzani unaotakiwa kwenye shokapu unafuata kipeuo cha pili cha ugumu huo, kwa hiyo unapanda kama asilimia 17. Shokapu iliyozeeka na gari haina hata nguvu yake ya mwanzo, seuze hiyo nyongeza. Ukikata mzunguko 1 katika 6 inayofanya kazi, umeongeza ugumu kwa asilimia 20, na ncha iliyokatwa haikai tena kwenye kiti chake. Wanaoichoma kwa gesi ili izame wanaua ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani. Springi hiyo haijui pa kusimama, itaendelea kuzama.

Lakini usikaze kirekebishi mpaka mwisho kwa furaha ya kuwa nacho. Pita kwenye rasta, yale matuta madogo ya mfululizo, na shokapu iliyokazwa mno. Tairi linapanda la kwanza, halijarudi, la pili limefika. Linapanda tena, bado halijarudi. Kila tuta linalivuta gari chini kidogo, hadi linakalia mipira ya kuzuia mwisho wa mwendo. Dereva anasema gari ni gumu, anadhani springi. Legeza robo mzunguko, pita tena, sikiliza.

Koiloova nyingi za Kijapani, yaani shokapu zilizovikwa springi zake, zina kirekebishi kinachobadili pande zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo ukitafuta kurudi kuzuri unabebeshwa na kubonyea kugumu. Pia zina kiti cha springi kinachopandishwa na kushushwa kwa nyuzi. Watu wanaamini kukipandisha kunaifanya springi iwe ngumu. Gari likiwa chini limesimama kwa uzito wake, kwa springi ya kawaida, kilichobadilika ni urefu. Kumbuka pia kwamba Altezza ina mikono ya juu na ya chini kwenye magurudumu yote manne, na springi imekaa upande wa ndani, mbali kidogo na gurudumu, kwa hiyo mwendo wake ni mfupi kuliko wa tairi. Ukiteremsha kiti sentimita 2, gari linashuka zaidi ya hapo. Namba ya springi ya Impreza, iliyo karibu kabisa na gurudumu, usiihamishie huku.

Jambo dogo linaloua magari mengi: bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikikazwa tairi likining'inia, mpira wa bushi unaishi umesokotwa mpaka unapasuka. Kisha alaimenti, bila mjadala.

Shokapu nyingi za Koni, Bilstein na Öhlins hufunguka. Zinabadilishwa sili na oili, zinarudi kazini. Sisi tunazitupa zikivuja tone la kwanza, oili inaishia mtaroni, halafu tunakwenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kununua zilizotumika ambazo hakuna aliyezipima. Fundi wetu anayejenga injini iliyokufa hashindwi na sili. Kinachokosekana ni mashine ya kupimia na mwenye gari aliye tayari kulipia kazi hiyo.

Vifaa vya jamii ya shokapu viko kwingine pia: milango inayojifunga taratibu, mashine za kufulia, miguu ya kutulia ya ndege, mizinga ya vita, treni. Daraja la Millennium la London, lililofungwa mwaka 2000 siku 2 tu baada ya kufunguliwa kwa kuyumba chini ya miguu ya watu, lilirudi mwaka 2002 likiwa na vifaa 37 vya namna hiyo.