Marekani: Tovuti ya bima ya afya ilivyookolewa na mkutano usio wa wakubwa

Tarehe mosi Oktoba 2013, serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ambako wakaaji wangejiandikisha kwa bima ya afya. Watu wengi sana waliingia. Siku hiyo ya kwanza, 6 tu ndio walifaulu kumaliza.

Kampuni 55 zilikuwa zimepewa kazi hiyo, kila moja na kipande chake. Kujaribu mfumo mzima, toka mwanzo hadi mwisho, kulifanyika wiki mbili tu mbele ya ufunguzi. Kwa programu inayongojewa na mamilioni ya watu, hiyo ni sawa na kutojaribu.

Kikosi cha uokozi kiliitwa haraka. Mikey Dickerson, mhandisi kutoka Google, akapewa kuongoza mikutano, na akabandika kanuni ukutani. Mkutano ni wa kutatua shida. Mwenye kutafuta wa kulaumu aende kwingine. Anayesema ni yule anayelijua tatizo, hata kama ni mdogo kwa cheo. Na yanazungumziwa tu mambo yatakayoumiza tovuti ndani ya saa 24 hadi 48. Kanuni ya pili ndiyo ngumu kuliko zote: katika ofisi za serikali, mara nyingi mkubwa husema na fundi hunyamaza.

Aprili 2014, Raisi Obama alitangaza kwamba watu milioni 8 wamejiandikisha, kwa tovuti hiyo na zile za majimbo. Agosti, ikaundwa U.S. Digital Service chini ya Dickerson, ikaanza kuajiri wahandisi wa kampuni binafsi waitumikie serikali kwa muda.