Yanayomngoja Mwanafunzi wa Kemia

Kuchoma chokaa ni kazi ya kale katika pwani ya Afrika Mashariki. Magogo hupangwa kwa duara, vipande vya mawe ya matumbawe huwekwa juu yake, kisha tanuu huwashwa moto. Moto unapozimika, mawe yaliyokuwa magumu huwa meupe, mepesi na rahisi kuvunjika. Yakimwagiwa maji hutokota kwa nguvu, hutoa mvuke, na mwishowe huwa unga laini. Ndiyo chokaa iliyojenga misikiti na nyumba za mawe za Kilwa, Lamu na Unguja.

Mchomaji chokaa ajua kwa mikono yake kwamba jiwe lililotoka motoni ni jepesi kuliko lilivyoingia. Lau jiwe lingekuwa safi kabisa, kila kilo 100 zingebaki kilo 56. Kilo 44 zimekwenda wapi? Swali la namna hiyo lilimshughulisha daktari mmoja wa Uskochi, Joseph Black, ambaye mwaka 1756 alichapisha majaribio yake. Kwa kutumia mizani alionyesha kuwa uzito uliopotea ulikuwa wa hewa iliyofungwa ndani ya jiwe. Hewa hiyo leo huitwa kaboni dioksidi.

Mwanafunzi anayeingia shule ya sekondari hana budi kujua kwamba somo la kemia, tangu mwanzo hadi mwisho, ni maswali ya namna hiyo. Wengi huingia wakitarajia mambo mawili tu: ama rangi na milipuko, ama orodha ndefu za kukariri. Wote wawili hushangaa, na baadhi yao huliacha somo wakidhani hawana akili ya sayansi, kumbe hawakuelezwa mapema ni akili ya namna gani inayotakiwa. Hasara yake si ndogo, kwani anayeacha kemia hujifungia njia nyingi za uganga, kilimo, uhandisi na utengenezaji wa dawa.

Yafuatayo ni maelezo ya safari hiyo kama ilivyozoeleka katika shule za sekondari za Tanzania. Mpangilio wa mada huweza kubadilika pamoja na mtaala, lakini ngazi za fikra ni zile zile.

Kuona na kutaja

Katika miezi ya mwanzo mwanafunzi hufundishwa kutazama. Hujifunza majina na matumizi ya vyombo vya maabara, namna ya kuwasha kichomeo, na tofauti baina ya elementi, kampaundi na mchanganyiko. Huchunguza hewa, moto, kutu, oksijeni, haidrojeni na maji. Hesabu ni chache, na mitihani huonekana myepesi.

Hapo ndipo anapokutana na jaribio la maji ya chokaa. Kijiko kimoja cha chokaa safi ya ujenzi hutikiswa ndani ya chupa ya maji, huachwa itulie mpaka kesho yake, kisha maji maangavu ya juu humiminwa polepole katika chombo kingine na kufunikwa. Maganda ya yai yakipondwa na kutiwa siki hutoa mapovu. Gesi hiyo ikipitishwa kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, maji hugeuka meupe kama tui. Shule isiyo na maabara kamili inaweza kufanya jaribio hili, mradi mwalimu ahakikishe kuwa chokaa haiingii machoni wala haishikwi kwa mikono iliyolowa.

Sheria za maabara nazo hufundishwa mapema, na kila moja ina sababu. Asidi humiminwa katika maji, wala si maji katika asidi, kwa kuwa joto linalozuka huweza kurusha matone ya asidi usoni. Mmumunyo huvutwa ndani ya pipeti kwa kifaa cha mpira, si kwa mdomo. Mwanafunzi azielewaye sababu hizi hahitaji kukemewa.

Kufikiri juu ya visivyoonekana

Ngazi ya pili ni ngumu zaidi, na kwa kawaida hufikiwa katika Kidato cha Pili. Mwanafunzi huambiwa kwamba jiwe, maji na gesi vyote vimefanyizwa kwa chembe zisizoonekana kwa macho, na kwamba tabia ya kitu hutokana na mpangilio wa elektroni katika atomi zake. Huletewa pia jedwali la elementi.

Jedwali hilo si la kukaririwa kama mashairi. Dmitri Mendeleev wa Urusi alipolipanga mwaka 1869 aliacha nafasi tupu, na akabashiri tabia za elementi ambazo zilikuwa hazijaonekana na mtu. Moja ya nafasi hizo, iliyo chini ya alumini, ilijazwa mwaka 1875 ilipogunduliwa galiamu huko Ufaransa. Jedwali liliweza kubashiri kwa sababu lina mpango, na mwanafunzi naye hutakiwa aujue mpango huo ili abashiri.

Tuseme ameulizwa fomula ya chokaa iliyotoka tanuuni. Kalsiamu ina elektroni mbili katika mzingo wake wa nje, na huziachia kwa wepesi. Oksijeni ina sita, nayo huhitaji mbili ili itimize nane. Basi kalsiamu moja hutosheleza oksijeni moja, na fomula ni CaO. Sodiamu ina elektroni moja tu ya nje. Hivyo atomi zake mbili zahitajika kwa oksijeni moja, na fomula huwa Na₂O. Aliyeelewa hoja hii huweza kuandika fomula nyingi ambazo hajapata kuziona. Aliyekariri CaO peke yake hana msaada akiulizwa juu ya magnesi.

Katika shule nyingi wanafunzi huamua baada ya Kidato cha Pili iwapo wataendelea na kemia. Ni bahati mbaya kwamba uamuzi huo hufanywa wakati ambapo njia ya kukariri imeanza kushindwa, na njia ya kufikiri haijazoeleka. Mwalimu anayelijua jambo hili humtia moyo mwanafunzi kwa kumrudisha kwenye hoja za elektroni, kabla ya kumhesabu kuwa ameshindwa.

Kuhesabu kwa mizani

Mada inayoogopwa kuliko zote ni moli. Hata hivyo wazo lake si geni kwa watu wa pwani, ambao tangu zamani wamehesabu boriti za mikoko kwa korija. Korija ni ishirini, ziwe boriti nene au nyembamba. Kadhalika moli ni idadi tu, isipokuwa ni kubwa mno: tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Hakuna awezaye kuhesabu chembe hizo moja moja, kwa hiyo mkemia huzihesabu kwa kuzipima, kama karani wa benki anayejua idadi ya sarafu kwa uzito wake.

Katika kipimo cha uzito wa atomi, kaboni ni 12, oksijeni ni 16 na kalsiamu ni 40. Kalsiamu kabonati, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jiwe la matumbawe, ina kalsiamu moja, kaboni moja na oksijeni tatu. Jumla yake ni 40 + 12 + 48, yaani 100. Moli moja ya jiwe hilo basi ni gramu 100. Ndani ya tanuu hutokea haya:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Moli moja ya CaO ni gramu 56, na moli moja ya CO₂ ni gramu 44. Hizo ndizo kilo 56 na kilo 44 za mchomaji chokaa. Mlinganyo ulioandikwa ubaoni kwa herufi chache umeeleza kazi ya tanuu zima.

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa gramu za kitu kimoja humenyuka na gramu sawa za kitu kingine. Chokaa ya tanuuni inapomwagiwa maji huwa Ca(OH)₂. Katika mmenyuko huo gramu 56 za CaO hutumia gramu 18 tu za maji, kwa sababu gramu hizo 18 ni moli moja. Zinazolingana ni moli, ila si gramu. Mwanafunzi na akumbuke kwamba kabla ya kulinganisha chochote hana budi kugeuza gramu kuwa moli.

Uaminifu mbele ya bureti

Sehemu ya vitendo haipimi ustadi wa mikono peke yake. Katika jaribio la kupima asidi na besi, mwanafunzi huweka sentimita za ujazo 25 za besi katika chupa, hutia matone machache ya kionyeshi, kisha huongeza asidi kutoka kwenye bureti mpaka rangi ibadilike. Akitumia maji ya chokaa yaliyoshiba, atahitaji takriban sentimita za ujazo 11 za asidi hidrokloriki yenye mkolezo wa moli 0.1 kwa lita.

Jaribio hurudiwa mara kadhaa, na vipimo hutakiwa vikaribiane. Hapo huja kishawishi cha kubadili tarakimu katika daftari ili zipendeze. Afadhali kipimo kibaya kilichoandikwa kwa ukweli, kwani humwezesha mwalimu kuona kosa: labda palikuwa na povu la hewa katika bureti, au macho hayakuwa sawa na mstari wa kimiminiko. Tarakimu ya kubuni haimfundishi mtu. Isitoshe, mwanafunzi wa leo ndiye kesho atakayepima dawa hospitalini au maji ya kunywa ya mji.

Kurudi duniani

Katika mwaka wa mwisho kemia hurudi kwa nguvu katika maisha ya kila siku. Mwanafunzi hukutana na kampaundi za kaboni, kama mafuta ya taa, spiriti, sabuni na plastiki. Huchunguza udongo, na kuona kwa nini mkulima mwenye shamba lenye asidi nyingi hunyunyiza chokaa. Hufahamu pia kuwa kaboni dioksidi ikizidi ndani ya maji ya chokaa yaliyogeuka meupe, weupe hutoweka, na kwamba mmenyuko wa namna hiyo, kwenda na kurudi, ndio uliochonga mapango ya Amboni karibu na Tanga na kuning'iniza mawe darini mwake.

Huweza pia kupima gharama ya tanuu. Kila kilo 100 za jiwe safi hutoa hewani kilo 44 za kaboni dioksidi, kabla ya kuhesabu moshi wa magogo. Ongeza juu ya hayo miti iliyokatwa na matumbawe hai yaliyong'olewa, ambayo ndiyo makao ya samaki. Kemia haimwambii mtu aache kujenga. Humpa hesabu ya kumsaidia kuamua.

Lugha na njia ya kujifunza

Wanafunzi wengi wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuikuta kemia kwa Kiingereza. Wengine huzama katika maneno kabla ya kulifikia jambo lenyewe. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na ingefaa kila mwanafunzi awe na daftari lake dogo la istilahi kwa lugha zote mbili. Anayeweza kumweleza mdogo wake nyumbani, kwa Kiswahili, kwa nini msumari hushika kutu, hatasumbuliwa sana na swali hilo kwa lugha ya mtihani.

Kila baada ya jaribio ni vema mwalimu aulize maswali matatu. Ni nini kimeonekana? Chembe zimefanya nini? Jambo hilo huandikwaje? Wanafunzi wengi hujibu swali la kwanza na la tatu, wakaliruka la pili, na hapo ndipo kukariri kunapoanzia.

Swali la mwisho la chokaa lafaa kuachiwa darasa. Fundi amepaka ukuta lipu ya chokaa, nayo baada ya siku nyingi imekuwa ngumu. Gramu 74 za Ca(OH)₂ zimetwaa gramu 44 za kaboni dioksidi kutoka hewani, na gramu 18 za maji zimekauka. Zilizobaki ukutani ni gramu ngapi, na ni za kitu gani?